Hasi 127: Kisa cha Tangi la Samaki Lililopashwa Moto na Kidhibiti Chake

Tangi ni la lita 300, lipo sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Arusha. Ndani yake walikuwamo samaki wa Ziwa Tanganyika: frontosa 6, Tropheus duboisi 12, na kikundi cha wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Jumapili moja ya Julai, familia iliporudi asubuhi kutoka harusini Moshi, frontosa 3 walikuwa wameelea, Tropheus 4 wamelala chini, na waliobaki wamejipanga juu kabisa ya maji wakihema. Kipimajoto cha kioo kilichobanwa ndani ya tangi kilisoma nyuzi 33. Simu ya mwalimu, iliyounganishwa na kidhibiti cha tangi, ilisoma nyuzi 25.1, na pembeni yake kidoti cha kijani.

Kisa chote kimo katika tofauti hiyo ya nyuzi 8.

Nilipofika, kila mtu alikwishapata mshtakiwa wake. Mwalimu alimshuku aliyemuuzia samaki. Mkewe alishuku maji ya bomba, kwa sababu maji ya pande za Meru yanajulikana kwa floraidi, na meno ya wenyeji wengi yanashuhudia. Jirani alisema ni umeme, unakatika na kurudi kwa fujo. Mpwa wa mwalimu, kijana wa chuo aliyekitengeneza kidhibiti, alisema ni hita ya bei rahisi iliyoganda ikabaki imewaka.

Shuku mbili za kwanza hazikuchukua muda. Samaki hao walikuwa wameishi katika maji hayo hayo kwa zaidi ya mwaka, na floraidi haiongezeki ghafla mwishoni mwa wiki. Ugonjwa nao hauui aina mbili za samaki usiku mmoja huku ukipandisha kipimajoto hadi 33. Kilichoua kilikuwa joto, na joto katika tangi lile lilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, yaani hita ya wati 300. Swali likawa nani aliiamuru iwake.

Msomaji wa Tanga au Dar anaweza kushangaa hita inatafuta nini kwenye tangi la samaki. Huko shida ni kinyume chake, watu wanafunga feni kupoza maji. Lakini Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kati ya nyuzi 24 na 29 mwaka mzima. Samaki wa Kigoma akiletwa Arusha bila hita anaishi, ila anazubaa, hali chakula vizuri, na baadaye anaugua.

Mtambo wa kijana haukuwa mbovu, na nataka hilo lieleweke mapema. Alitumia bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye waifai, sensa ya joto aina ya DS18B20 iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma kisichoshika kutu, na bodi ya rilei nne, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa na kompyuta hiyo: hita, filta pamoja na pampu ya hewa, taa, na kilishio. Amri ya hita ilikuwa fupi: joto likiwa chini ya 25 washa, likizidi 25.5 zima. Kila dakika mtambo uliandika kumbukumbu kwenye kadi ya memori. Rilei alizifunga kwa akili ambayo mafundi wengi hawana. Ya hita ilikuwa upande unaokata umeme kidhibiti kikifa, na ya filta upande unaoachia umeme upite kidhibiti kikifa. Kwa hiyo bodi ikizimika, hita inalala na hewa inaendelea. Alikuwa amekifikiria kifo cha kidhibiti. Kidhibiti kilicho hai lakini kinachodanganywa, hicho hakukifikiria.

Tulichomoa kadi tukaifungua kwenye kompyuta yake. Sehemu ya Jumamosi ilisomeka hivi:

13:07   25.1   hita: imezimwa
13:08   25.1   hita: imezimwa
13:09   -127.0   hita: imewashwa
13:10   -127.0   hita: imewashwa

Kutoka hapo mistari ilishuka vile vile, kurasa kwa kurasa, hasi 127, hita imewashwa, mpaka saa moja na dakika nne asubuhi ya Jumapili, mwalimu alipong'oa plagi kwa mkono. Saa 18 kamili kasoro dakika chache.

"Mjomba, hii ni namba ya kosa," kijana akasema taratibu. "Siyo joto."

"Kwa hiyo kilijua kuna kosa?"

"Hapana. Mimi ningejua. Chenyewe kiliona namba tu."

Na ndivyo ilivyo. Maktaba ya programu inayotumiwa na wengi kusoma DS18B20 hurudisha hasi 127 pale inapoita sensa isipate jibu. Ni alama ya kusema "simpati". Lakini imewekwa katika umbo la joto, na amri ya kijana iliuliza swali moja tu, je, ni chini ya 25? Hasi 127 ni chini ya 25. Kwa mujibu wa kidhibiti, sebule ya mwalimu ilikuwa na barafu kuliko Antaktika, na kilifanya kile ambacho yeyote angefanya akiamini hivyo. Dhana ya hita kuganda ikaondoka hapo, maana kadi inaonyesha ilikuwa ikiamriwa kuwaka dakika hadi dakika.

Sensa haikufa ghafla, na hii ndiyo sehemu iliyonikera zaidi. Tulirudi nyuma kwenye kumbukumbu. Kuanzia Jumatano usiku, katikati ya 25.1 na 25.2, zilianza kujitokeza 85.0 moja moja. Alhamisi zikaongezeka. Ijumaa zilikuwa zinakuja tatu tatu. Anayeijua DS18B20 anaisoma 85 kama daktari anavyosoma kikohozi: ndiyo thamani inayokaa kwenye kumbukumbu ya sensa inapowashwa upya, kabla haijamaliza kupima. Upimaji mmoja wa usahihi wa juu huchukua hadi milisekunde 750. Ukiona 85 katika tangi la nyuzi 25, maana yake sensa inakatikiwa umeme na kuamka, inakatikiwa na kuamka. Waya unacheza mahali.

Tulipofungua kabati chini ya tangi tukaukuta. Waya wa sensa ulikuwa mfupi, ukaungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa soluteipu nyeusi ya umeme, kisha ukaachwa uning'inie nyuma ya filta. Maji ya samaki wa Tanganyika huwekwa magadi na chumvi ya Epsom ili yafanane na ya ziwani, na kila tone linaloruka huacha chumvi. Soluteipu ilikuwa imelegea, ndani shaba imegeuka kijani, na waya mwekundu ulikuwa umebaki nyuzi mbili tatu. Nilipougusa, ukabaki mkononi.

Siku tatu za onyo, basi. Kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu kijana alipokuwa akijenga mtambo mwaka uliotangulia, mara moja moja namba hizo hizo zilikuwa zikiruka kwenye skrini ya simu na kuharibu mchoro, mstari unapaa hadi 85 kisha unarudi. Mjomba wake akawa anapiga simu usiku kuuliza samaki wamechemka? Kijana akaweka kichujio: thamani yoyote chini ya 0 au juu ya 50 isionyeshwe, ibaki ile ya mwisho iliyo sawa. Mchoro ukanyooka, simu za usiku zikaisha.

Kichujio kiliwekwa kwenye njia ya kwenda kwenye simu. Kwenye njia ya kwenda kwenye hita hakikuwekwa. Binadamu, ambaye angeona 85 akashtuka, alifichwa. Mashine, ambayo haijui kushtuka, ililetewa zote bila kuchujwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwalimu akiwa Moshi aliitazama simu mara kadhaa, akaona 25.1 na kidoti cha kijani, akarudisha simu mfukoni akaendelea na harusi. Hakuna mwenye tangi anayeweza kulaumiwa kwa hilo. Kidoti kile kilimaanisha tu kwamba waifai inafanya kazi.

Ningekuwa mwenye programu, ningechagua mchoro mbaya wenye ukweli. Namba ikipitwa na wakati, skrini iseme imepitwa: iandike "ya saa saba mchana", au iwe na alama ya kuuliza. Kuonyesha thamani ya zamani kwa sura ya thamani mpya ni uongo, hata kama nia ilikuwa usafi.

Bado kulikuwa na mlinzi mmoja ambaye angezuia yote haya bila kujua lolote kuhusu programu. Hita za vioo za kuzamisha karibu zote huja na kirekebishi chao kichwani, unazungusha hadi nyuzi unazotaka, na maji yakifika hapo inajizima. Hita ya mwalimu ilikuwa nacho. Ilipofungwa kidhibiti, kirekebishi hicho kilizungushwa hadi mwisho, nyuzi 34, "ili visigombane". Wazo hilo nimelikuta katika matangi mengi, na lina mantiki yake: viwili vikiwekwa 25 kila kimoja kitamkatiza mwenzake, na kumbukumbu hazitaeleweka. Lakini jibu lake ni kukiweka kile cha hita nyuzi moja juu ya lengo, yaani 26. Siku za kawaida hakitagusa kitu. Siku ambayo kidhibiti kimedanganywa, maji yangeishia 26 na samaki wangekula kifungua kinywa chao kama kawaida.

Turudi kwenye hesabu kidogo, maana inasaidia kuona kilichotokea na pia jinsi ya kukigundua. Kupandisha lita 300 za maji nyuzi moja kunahitaji nishati ya jouli milioni 1.25 hivi. Hita ya wati 300 hutoa kiasi hicho kwa dakika 70, kama hakuna kinachopotea. Kwa saa 18 ingekuwa nyuzi 15. Kioo na uso wa maji vilirudisha karibu nusu ya joto hilo sebuleni, ndiyo maana tukakuta 33. Kwa siku za kawaida, kumbukumbu zilionyesha hita ikiwaka vipindi vifupi vifupi ambavyo jumla yake ni karibu robo ya siku. Ukitazama hapo utagundua kwamba kidhibiti kilikuwa na shahidi wa pili wakati wote, na hakikumuuliza. Hita inayowaka saa mbili mfululizo katika tangi lile tayari ni habari, hata sensa iseme nini. Huhitaji kifaa cha ziada kulijua hilo, unahitaji saa tu.

Sasa samaki. Joto la 33 peke yake haliui frontosa kwa saa moja, linaua kwa njia ya hewa. Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hubeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Arusha, kwa sababu ya mwinuko, hewa ni nyepesi na kiwango hicho hushuka hadi kama 7. Yapashe maji hayo hadi 33, unabaki na 6 au pungufu, wakati mwili wa samaki nao, kwa joto hilo, unadai oksijeni zaidi kuliko kawaida. Wakubwa huanza kuishiwa. Frontosa kwao ni samaki wa kina kirefu, mita 30 na kwenda chini, hajazoea maji ya moto, na ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote tangini. Tropheus ni wa miamba ya karibu na ufukwe, penye hewa tele. Wale wadogo wa makombeni walinusurika wote. Pampu ya hewa iliyoendelea kufanya kazi usiku kucha ndiyo iliyowaokoa waliookoka, na hiyo ni kazi ya kijana.

Ila si vifo vyote ni vya Jumamosi usiku. Asubuhi walikuwa 7. Jioni ya Jumapili wakafa wengine 3, na Jumanne 2. Nikamuuliza mwalimu alifanya nini baada ya kung'oa plagi.

"Nilipoza. Ndoo za bomba, nikamimina mpaka maji yakawa vuguvugu."

"Ulitia dawa ya kuondoa klorini?"

"Dawa ipo kwenye droo. Sikuikumbuka, mwanangu. Wanakufa mbele ya macho yangu."

Namwelewa. Ila maji ya bomba ya Julai Arusha ni ya baridi kweli, na yana klorini. Klorini huchoma mashavu ya samaki ambaye tayari anahema, na huua bakteria wa kwenye filta wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Nilipopima Jumanne kwa matone, amonia ilikuwa 0.5 wakati tangi zuri linatakiwa kusoma sifuri. Katika tangi la maji laini yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 7, kiasi hicho kingepita salama, kwa sababu sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1. Maji ya Tanganyika yana pH ya juu, ya tangi hili 8.8, na hapo zaidi ya robo ya amonia yote ni ile yenye sumu. Anayefuga samaki wa ziwa hili hana nafasi ya kusema "ni kidogo tu". Wale 3 wa jioni na 2 wa Jumanne nawaandika kwenye hesabu ya ndoo, si ya kidhibiti, ingawa najua kidhibiti ndicho kilichomtuma mwalimu kwenye ndoo.

Njia ambayo ingefaa ni ya pole: zima hita, fungua kifuniko, elekeza feni juu ya maji, ongeza hewa, na maji mapya yawe yametiwa sodiamu thiosulfeti, ile dawa ya kuondoa klorini, na yaingie kidogo kidogo. Feni tu hushusha nyuzi kadhaa kwa saa chache.

Marekebisho yalikuwa machache. Waya wa sensa umebadilishwa kwa kipande kimoja kisicho na kiungo mpaka nje ya kabati, ukiwa na mpindo unaoning'inia chini kabla ya kupanda kwenye bodi ili tone likifuata waya lidondoke. Katika programu, joto lolote nje ya 18 hadi 32 sasa si joto, ni kukosekana kwa habari, na habari ikikosekana hita inazimwa. Kijana aliuliza: si samaki watapigwa na baridi? Nikamwonyesha kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Tangi lile likizimwa hita usiku mzima wa saa 12 linashuka nyuzi 2 na kidogo. Wanafika 23 hivi asubuhi, wamenuna, wazima. Upande wa baridi una siku nzima ya kusamehe, upande wa moto hauna. Kwa mwenye tangi Dar, mwenye feni badala ya hita, jibu lingegeuka: habari ikikosekana, feni ziwake.

Hita moja ya 300 imebadilishwa kwa mbili za 150, kila moja na kirekebishi chake kwenye 26. Moja ikiganda, haina nguvu ya kulipasha tangi lote kwa usiku mmoja. Na hita ikiwaka zaidi ya saa mbili mfululizo, kengele inalia.

Tulibishana juu ya jambo moja. Kijana alitaka sensa tatu zipige kura, mbili zikikubaliana ndizo zisikilizwe. Wazo ni zuri, na vidhibiti vikubwa vya viwandani hufanya hivyo. Lakini DS18B20 zinapendwa kwa sababu zote zinaweza kukaa kwenye waya mmoja wa mawasiliano, na hivyo ndivyo alivyotaka kuzifunga. Waya huo ukigusana na ule wa hasi wa umeme, zote tatu zinanyamaza pamoja, zote zinasema hasi 127, na kura inapita kwa kauli moja. Kama ni sensa ya pili, iwe ya aina nyingine na njia nyingine. Kirekebishi cha ndani ya hita ni hicho hasa, na kilishalipiwa. Wanaouliza kama kidhibiti cha dukani kingewaepusha na haya, nasema kingewapunguzia. Apex ya Neptune Systems, kwa mfano, ina mpangilio wa kuamua kila soketi ikae vipi mawasiliano na ubongo wa mtambo yakikatika. Lakini mpangilio huo ni wa mawasiliano yaliyokatika, na hapa hayakukatika. Sensa ikisoma uongo unaoaminika, mtambo wa bei yoyote utautii, na hita yenye kirekebishi kilichozungushwa hadi mwisho itautii vile vile.

Siku ya majaribio tulichomoa sensa makusudi. Hita zote mbili zilizima ndani ya sekunde 10, simu ikaonyesha alama ya kuuliza, na ujumbe wa dharura ukaingia. Tukarudia huku tumezima waifai, kama inavyokuwa umeme ukikatika na ruta ikalala. Hita zilizima, ujumbe haukufika popote. Kijana alitaka kuongeza kadi ya simu kwenye bodi. Mwalimu akachagua king'ora cha betri, kikafungwa kwenye dirisha la upande wa jirani, ambaye ana ufunguo wa nyumba na ameelekezwa plagi ipi ang'oe. Jirani amekubali, kwa sharti kwamba kisilie kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Sharti hilo bado tunalijadili.